Mstari Uliofunikwa na Gitaa

Kuna mahali katika wimbo wa baba yangu ambapo watu hupiga makofi, na hapo ndipo mimi hukasirika. Ni karibu na mwisho. Baba amemaliza kusalimia watu wote aliotaka kuwasalimia, gitaa la solo linapanda, linazunguka, na kabla halijashuka unasikia kitu kama mtu anayesemea ndani ya gunia. Kisha gitaa linatulia, kiitikio kinaingia, wimbo unakwisha. Katika baa za Ruiru za enzi ya usichana wangu, wanaume waliweka chupa chini mapema ili mikono iwe huru wakifika hapo. Mimi nilikuwa natega sikio kwa hicho kilichokuwa ndani ya gunia. Nilijua ni sauti ya baba. Sikujua anasema nini, na yeye ukimuuliza alikujibu tu, "Hilo ni gitaa, maitu."

Ananiita maitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu Wakikuyu kwa binti wa kwanza. Kwa hiyo nyumbani mimi ni mtoto na pia ni mama wa baba yangu, na cheo hicho cha pili nimekitumia kumgombeza kila nilipopata nafasi. Kwa jambo hili hakikunisaidia kitu.

Wimbo ulirekodiwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla sijaanza shule, katika stoo ya kahawa ya shamba moja kubwa upande wa Ruiru. Baba alikuwa karani wa kiwanda cha shamba hilo, na jioni alikuwa mwimbaji wa bendi. Warekodi walikuja na gari dogo, mashine moja ya utepe, na maikrofoni moja ya watu, ambayo waliining'iniza kwenye boriti. Siku hizo hakukuwa na kupandisha hiki na kushusha kile baadaye. Kila sauti iliingia kwenye utepe uleule kwa wakati uleule, na ikishaingia imeingia. Kwa hiyo kilichoamua nani asikike zaidi ni miguu. Mwimbaji alisimama karibu na maikrofoni, mpiga solo nyuma yake kidogo upande wa kushoto, wa besi kando ya magunia, na wa ngoma mlangoni kabisa, mguu mmoja nje. Mpiga solo zamu yake ikifika alisogea mbele, akimaliza alirudi nyuma. Walifanya mazoezi ya kutembea kama walivyofanya mazoezi ya kupiga.

Na ule mwangwi ambao watu wanadhani ulitengenezwa Ulaya ulitoka ndani ya tangi la saruji la kuchachushia kahawa. Msimu wa kuchuma ulikuwa umekwisha na tangi lilikuwa tupu. Waliteremsha spika upande mmoja na maikrofoni nyingine kuukuu upande wa pili, wakavuta waya hadi stooni, na sauti ya baba ikawa inakwenda kuzunguka humo ndani na kurudi. Nimefanya kazi ya sauti miaka mingi na bado sijapata mwangwi mtamu kuliko ule.

Mpiga solo alikuwa rafiki ya baba kutoka Majengo, Thika, Mwislamu ambaye ukimuuliza kabila lake alianza kucheka, maana babu mmoja alikuwa Mmanyema, mwingine Mnubi, na bibi zake wote wawili walikuwa Wakikuyu. Yeye na baba walikula sufuria moja miaka kadhaa kabla baba hajaoa. Mama ndiye aliyenisimulia walivyoachana. Walipomaliza kurekodi, mbuzi akiwa bado yuko motoni, yule rafiki alifunga gitaa lake kwenye blanketi akamwambia baba, "Umesalimia hata bawabu wa stoo. Mimi nimekosa nini?" Baba akamjibu, "Uliza gitaa lako." Hawakusemezana tena. Bendi ikafa, na santuri ikaanza kuchezwa redioni kila Jumamosi, sauti zao zikiwa pamoja nchi nzima huku wenyewe wakipishana barabarani bila salamu.

Ndivyo nilivyokua, nikidhani ni ugomvi wa wanamuziki. Wanamuziki hugombana, kila mtu anajua.

Mwaka wa tisini na saba nilikuwa fundi wa sauti katika studio ndogo mjini Ruiru, nyuma ya duka la kaseti. Nilikuwa nimesomea kutengeneza redio, nikazitengeneza, nikajikuta huko. Mwenye studio alikuwa amenunua kompyuta iliyoweza kurekodi kila chombo peke yake, na sauti zote zikaonekana kwenye kioo zimepangwa kama nguo kwenye kamba. Unaondoa moja, unaisafisha, unairudisha. Aliisifu kwa kila mtu aliyeingia kununua betri. Naye alikuwa amegundua kwamba zilizopendwa zinauzika, kwa hiyo alitaka wazee waje waimbe upya nyimbo zao, sisi tuwawekee ngoma za kinanda.

Nilimwambia hizo ngoma zitawafanya waonekane wanaimba kwenye harusi ya mtu wasiyemjua. Nikamwomba aniachie wimbo mmoja, wa baba, niurekodi kwa njia ya zamani: stoo ileile, tangi lilelile, maikrofoni moja, wazee wasimame walipokuwa wamesimama. Kompyuta ipokee tu. Alikuna kichwa, akasema mradi kaseti itoke kabla ya Krismasi.

Nia yangu haikuwa kaseti. Yule rafiki ya baba alikuwa amefanya kazi zaidi ya miaka ishirini katika kiwanda cha nguo huko Thika, kando ya mitambo ya kufuma, na masikio yake yalikuwa yanakwisha. Nilikuwa nimesikia hivyo kwa watu. Nikafikiri, maikrofoni moja haikubali watu wasiosemezana. Lazima wasimame karibu, lazima mmoja amtazame mwenzake ajue aingie lini, na mwisho watakula pamoja, hata kama ni mkate na soda. Nilitaka wapatane wakati mmoja wao bado anasikia. Hilo ndilo nililolitaka, na sikuwa nataka kingine.

Baba nilimpata shambani kwake akipalilia maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kurekodi nitarekodi," alisema. "Lakini sisimami na huyo mtu."

"Baba, ni maiki moja."

"Si uko na kompyuta? Ruiru yote inajua uko na kompyuta. Nirekodi mimi, halafu umrekodi yeye."

Nikaenda Thika. Kiwanda kilikuwa kimepunguza watu, na yule mzee alikuwa ameacha nyumba ya Majengo akahamia Kiandutu, chumba kimoja cha mabati katika safu ndefu ya vyumba, yeye na mke wake, wakiuza makaa mlangoni. Ilinibidi niinue sauti. Sauti alikuwa anaisikia bado, lakini maneno, alisema, yanamwagika njiani.

"Nitapiga," aliniambia. "Mwambie baba yako aje siku yake. Mimi nitakuja yangu."

Wazee wawili walikuwa wameelewana kutoonana, na katika hilo walipatana vizuri kuliko walivyowahi kupatana kwenye bendi. Nilikasirika, lakini nikajipa moyo. Nilisema wacha nianze hivyo, watasikilizana kwenye kaseti, moyo utalainika, halafu tutaona.

Baba alikuja studio asubuhi, amevaa koti. Wa besi alikuwa amefariki na wa ngoma alikuwa amehamia Laikipia, kwa hiyo nilikuwa nimeshawarekodi vijana wa kanisani katika sehemu zao. Nilimwekea ngoma na besi masikioni, akaimba. Sauti ilikuwa imechakaa kidogo kwenye ncha, lakini ilikuwa yake. Akasalimia watu wake wote, wengi wao sasa marehemu. Tukafika pale pa gitaa. Gitaa halikuwapo bado, ilikuwa nafasi tupu tu, ngoma na besi. Na katikati ya hiyo nafasi baba, kwa sauti ya chini, bila kunitazama, akaimba:

"Na aliyenibeba mgongoni, mwambieni sikumsahau."

Nikasimamisha kila kitu. Nilitoka nikaenda kuketi naye kwenye kile chumba tulichokibandikia trei za mayai ukutani ili kisirudishe sauti. Nikamuuliza aliyembeba ni nani.

Akanieleza akitazama viatu. Kabla hajaoa aliugua homa ya matumbo kule kwenye nyumba za wafanyakazi. Lori la shamba lilikuwa limekwenda Nairobi. Rafiki yake alimpandisha mgongoni akaanza kutembea naye kuelekea hospitali ya Thika, katika jua, akipumzika kando ya barabara na kuendelea. "Nilimtapikia shingoni," baba alisema. "Hakuniweka chini."

Alipotunga ule wimbo wa salamu, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyetaka kumshukuru, na kwa sababu hiyo akamweka wa mwisho. Tena hakumwambia. Katika mazoezi yote ile nafasi ilikuwa ya gitaa peke yake. Alitaka siku ya kurekodi, mbele ya maikrofoni, aingie na mstari huo ghafla, mwenzake ashtuke, afurahi, na utepe ubaki nao. Basi akaingia. Mwenzake alikuwa amefumba macho, amesogea mbele kama walivyofanya mazoezi, hana habari, anapiga. Gitaa likaufunika mstari wote.

"Alikuwa karibu nami kama wewe hapo," baba alisema. "Nikajua amesikia. Nikafikiri amesikia na amenizima."

"Na ukakosa kumuuliza."

"Mtu umshukuru akupigie gitaa juu, halafu umfuate umshukuru tena?"

Nilitaka kumpiga na kitu. Miaka yote hiyo. Mmoja anaamini alizimwa, mwingine anaamini alisahauliwa, na ukweli umelala katikati ya santuri ambayo kila nyumba yenye gramafoni kati ya Ruiru na Thika ilikuwa nayo. Nikamwambia, "Baba, hakusikia. Alikuwa anapiga vile mlivyopanga." Kisha akakohoa, akasema ule mstari ulitoka chini sana, tuurudie.

Rafiki yake alikuja wiki iliyofuata. Spika za masikioni hazikumtosha, kwa hiyo aliinama akaegemeza taya yake kwenye ubavu wa gitaa, akalisikia kwa mfupa. Alipiga hivyo, shingo imepinda, na vidole havikuwa vimesahau kitu. Pale pa solo alipiga nafasi yote mpaka ukingoni, kama walivyofanya mazoezi zamani. Alipomaliza akasema, kama mtu anayesimulia jambo dogo, kwamba ni wimbo mzuri ila baba yangu alisalimia hata bawabu.

Sikumwambia siku hiyo. Nilifikiri ni vizuri zaidi ausikie ule mstari kwa sauti ya baba mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kuwasimamisha pamoja. Lile shamba la kahawa lilikuwa limeanza kukatwakatwa viwanja, kiwanda hakikusaga tena, na stoo ilikuwa na popo tu. Bawabu wa siku hizo alituruhusu. Baba alikuja kunionyesha kila mtu alisimama wapi. Tukaweka spika juu ya viti: hii ya sauti ya baba chini ya boriti, ile ya gitaa nyuma yake kushoto, besi pembeni, ngoma mlangoni. Katikati nikaning'iniza maikrofoni moja. Nia ilikuwa kucheza zile sauti kutoka kwenye kompyuta, kila moja kupitia spika yake, na maikrofoni izinase zote kwa pamoja, kama zamani. Tangi tulilifagia. Lilikuwa na majani, na vyura ambao hawakutaka kuhama.

Mara ya kwanza ilitoka vibaya, sauti kali, inagonga. Baba akasema magunia hayapo. Kweli, wakati wao ukuta mzima ulikuwa magunia ya kahawa. Tukaazima magunia ya makapi, tukayapanga mpaka juu, na stoo ikalainika ikawa ile stoo ya kwenye santuri.

Ikabaki ile hatua ya mpiga solo ya kurudi nyuma. Ningeweza kushusha gitaa kwenye kompyuta, ni kazi ya kidole kimoja, lakini haisikiki sawa. Mtu akirudi nyuma, sauti yake haipungui tu, inaingia chumbani. Kwa hiyo spika ya gitaa niliibeba mwenyewe. Solo ilipoanza nikasogea nayo mbele, nimeikumbatia kifuani, waya unaburuta nyuma. Na kabla ya mstari wa baba nikarudi nayo, polepole, mpaka kwenye magunia. Mstari ukasikika, kila neno.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Leo amekubali kurudi," alisema. Alicheka kidogo, kisha akatoka nje akakaa kwenye ukingo wa tangi mpaka tulipomaliza kukusanya vitu.

Wimbo ulitoka kama wa zamani hasa. Mwenye studio aliwaalika watu kulinganisha santuri na kaseti, na wengi hawakujua ipi ni ipi mpaka wafike pale pa makofi. Wazee walisema unaona kabisa wale wawili wamesimama pamoja. Na mimi najuta kwamba kazi ilitoka vizuri kiasi hicho. Ningekuwa na mashine mbovu, au kama kompyuta ingekufa siku ile kama zilivyokuwa zinakufa, ningewaambia wazee hakuna njia nyingine, njooni. Wangenung'unika, na nadhani wangekuja. Nilijenga chumba kizima cha watu wasiokuwapo, nikakijenga kikapendeza, na hakuna aliyeona tena sababu ya kwenda kwa mwenzake.

Niliipeleka kaseti Kiandutu na redio yangu. Yule mzee aliweka kiganja juu ya spika, kisha akaweka sikio. Alikuwa anatabasamu. Tulipofika pale, tabasamu likaondoka.

"Mmelishusha gitaa," alisema. "Hapo ndipo watu wanapiga makofi. Mmeharibu."

Nikarudisha nyuma, nikaongeza sauti. Alisikia kwamba kuna mtu anaimba, hakusikia anaimba nini. Basi nikamsogelea nikamwambia sikioni, kwa sauti ya kupaza, maneno yote ya ule mstari, na kwamba baba aliyaimba siku ileile ya kwanza, na gitaa likayafunika.

Alinitazama muda mrefu. Mke wake aliacha kupima makaa.

"Maneno hayo hayako kwenye santuri," mzee alisema. "Nimeisikiliza masikio yangu yakiwa mazima."

"Yako chini ya gitaa, mzee."

"Chini ya gitaa langu." Aliyawaza hayo. "Mwanangu, wewe ni mtoto mwema. Unataka tupatane, nakuona. Lakini hiyo mashine yako inaweza kumsemesha hata kuku. Kama ni yeye aliyesema, aje aseme. Njia ya huku anaijua."

Kaseti haikuwa ushahidi, ilikuwa imeimbwa juzi. Nikarudi studio nikaiingiza santuri ya zamani kwenye kompyuta, nikajaribu kulitoa gitaa nibaki na sauti. Nilikata juu, nikakata chini, nikashinda hapo siku nyingi. Nilipata pumzi ya baba akivuta hewa, na mwisho wa neno moja ambao hata mimi niliyelijua sikuweza kuapa nalo. Kilichokuwa kimeingia kwenye utepe ule kimeingia pamoja.

Nilimpelekea baba ujumbe kama nilivyopewa. Alifurahi, nilimwona. Halafu akaogopa, na hilo pia nililiona. Alisema atakwenda. Mvua ya Elnino ikaanza, barabara zikakatika, akasema maji yakipungua. Yakapungua, akasema akishapanda maharagwe. Nikamwambia basi andika, nitapeleka. Alinikazia macho. "Nimwandikie mtu niliyekula naye sufuria moja?"

Alikwenda mwaka uliofuata, baada ya kuvuna. Nilimsindikiza. Alikuwa amebeba sukari, majani ya chai na maharagwe mapya kwenye mfuko, na njiani hakusema chochote. Nilijua anafanya mazoezi.

Yule mzee alimkaribisha mlangoni kwa mikono miwili. Hawakukumbatiana, lakini mikono ilikaa muda. Wakaingia, wakaketi, mmoja kwenye kitanda, mwingine kwenye kiti. Baba akasema, "Habari ya siku nyingi." Mwenzake akatega sikio kwa kiganja. Baba akarudia, juu zaidi. Bado. Mke akamwambia, "Paza, baba. Siku hizi ni mpaka upaze kabisa." Baba akapaza, na nyuma ya bati mwanamke wa chumba cha pili akaitika, "Mzuri sana!"

Tulicheka wote, isipokuwa mwenyeji wetu, ambaye hakujua tunacheka nini. Alikuwa anautazama mdomo wa baba.

Hapo niliona jambo nililopaswa kuliona mapema. Masikio yalikuwa yamekwenda mbali kuliko nilipoyaacha. Ili mstari ule umfikie, baba angelazimika kuupigia kelele, na safu nzima ya vyumba ingeusikia, pamoja na watu waliokuwa wakichota maji nje. Baba ni mtu ambaye neno hilo aliliimba kwa sauti ya chini hata mbele ya maikrofoni. Aliweka mikono magotini. Alivuta pumzi, ileile ninayoijua, anayoivuta kabla ya kuimba. Mwenzake akasogea mbele ukingoni mwa kitanda, akangoja.

"Maharagwe yamekubali mwaka huu," baba alisema kwa sauti kubwa.

Mzee alimtazama mke wake, mke akamwonyesha mfuko. "Alhamdulillahi," akasema. Tukanywa chai. Baba alipaza sauti juu ya mvua, juu ya bei ya makaa, juu ya wajukuu. Mwenzake alitikisa kichwa kila mara, na kila baba aliponyamaza alibaki akimtazama mdomo, kama mtu aliyeambiwa bado kuna kitu.

Barabarani nilimuuliza baba kwa nini. Nilimuuliza kwa ukali, nikiwa maitu.

"Kuna maneno hayapigiwi kelele," alisema. "Nitarudi siku akiwa peke yake."

Kiandutu hakuna mtu anayekuwa peke yake. Nilimwambia hivyo. Akasema ataona.

Habari za kifo cha yule mzee zilikuja mwaka wa tisini na tisa, asubuhi, kwa simu ya duka. Nilikwenda shambani kumwambia baba. Alikaa chini pale pale kwenye mtaro. Baada ya muda akasema, "Nitasema siku ya mazishi."

Nilimwelewa. Kwetu msiba ni wiki nzima: mikutano ya kila jioni, kamati, na siku yenyewe spika zinafungwa kwenye miti, maikrofoni inapitishwa, wa familia, wa kazini, wa kanisa, na marafiki wa zamani. Pale angeweza kusema kwa sauti yake ya kawaida, na spika zingefanya kazi ya kupaza. Nilimwambia Waislamu hawakawii kuzika. Akasema hata kama hawakawii, si lazima wangoje waliotoka mbali? Akatafuta suti, akaipiga pasi, akaketi jioni nzima mezani akisogeza midomo. Nilimwacha. Mimi pia nilikuwa nataka kuamini kuna muda.

Tulipofika Kiandutu kesho yake kuuliza kamati inakutana wapi, wanaume wachache walikuwa wanakunja mkeka. Alikuwa amezikwa jana yake, alasiri. Hakukuwa na spika, wala maikrofoni, wala mtu aliyekuwa akitoa hotuba. Waliomba dua, wakamrudishia udongo, wakaenda zao.

Mke wake alitukaribisha tukaketi palepale tulipoketi mara ya mwisho. Alimpa baba pole, naye baba akampa pole. Kisha akasema, bila lawama, kama mtu anayetafuta cha kuzungumza na mgeni:

"Ile siku ulipotoka hapa, aliniuliza umesema nini."

Baba alitazama viatu vyake.

"Nikamwambia umesema maharagwe yamekubali. Akaniuliza, hivyo tu? Nikamwambia hivyo tu." Alinyoosha kanga magotini. "Au sikusikia vizuri, baba? Kulikuwa na lingine?"

Chumba kilikuwa kimya, na safu nzima ilikuwa kimya kwa sababu ya msiba. Angeweza kunong'ona na angesikika. Nilimtazama, nikamwomba kwa macho.

"Ulisikia vizuri, mama," baba alisema. "Nilisema hivyo tu."